Spaida planti zangu zinaungua ncha tangu nihamie Arusha, nimejaribu kila kitu

Mama_Nuru:
Habari zenu wapenzi wa mimea, naombeni msaada jamani maana akili imegota. Nina spaida planti nne, zile zenye mstari mweupe katikati ya jani, zote zimetokana na kitoto kimoja nilichopewa na jirani yangu Tabata mwaka 2019 nikakipanda kwenye kopo la rangi, likakua likazaa, likazaa tena, mpaka nikawa nagawia mtaa mzima. Dar sikuwahi kulihangaikia hata siku moja, maji ya bomba, dirisha la sebuleni linalopata jua la asubuhi, basi, majani yanamwagika kama nywele.

Sasa mwezi wa nane mwaka jana tukahamia huku Usa River kikazi kwa baba Nuru, nikayabeba yote manne kwenye gari mapajani na miguuni. Miezi miwili ya kwanza hakuna shida. Baada ya hapo ncha zikaanza kuwa kahawia, kwanza kidogo tu kama mtu amezichoma na njiti ya kiberiti, sasa hivi kuna majani yameungua mpaka karibu robo. Nikadhani ni kiu, nikawa namwagia kila siku, chungu kimoja kikaanza kunuka chini, nikaacha. Nikadhani ni baridi ya huku, nikayasogeza mbali na dirisha usiku. Nikaenda kwa kijana anayeuza miche pale barabarani akaniambia udongo umechoka, akanipa mbolea ya punje nyeupe nyeupe za kijivu niweke kijiko kila chungu, nikaweka, hali ikawa mbaya zaidi. Juzi nikaanza kuchemsha maji nayaacha yapoe ndo namwagia. Hakuna nafuu.

Yaani haya maua ndo kitu pekee nilichotoka nacho nyumbani kwangu kikiwa hai, yakifa nitaumia sana. Ni nini hiki?

kijana_wa_tabata:
Pole dada. Huko kwenu hewa kavu hasa miezi hii ya kabla ya mvua, huku Dar hewa yenyewe imejaa unyevu ndo maana yalikuwa yanajiachia. Jaribu kuyapulizia maji kwenye majani asubuhi, au weka vyungu juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo chini.

shangazi_maua:
Mwanangu usipulizie tu, kwanza toa ua kwenye chungu uangalie mizizi. Mizizi ya hili ua ni minene, myeupe, imejaa maji, mtu asiyeijua anaweza kudhani ni viazi vidogo. Hiyo ndo ghala lake, ndo maana linavumilia ukisafiri hata wiki mbili. Ikiwa myeupe na migumu ujue halina kiu wala halijaoza. Ikiwa kahawia na inateleza ukiiminya, kata yote iliyooza kwa kisu safi, panda upya kwenye udongo mkavu kidogo, usimwagie siku tatu. Na kile chungu kilichonuka nina wasiwasi nacho, anza na hicho leo leo.

Halafu kanuni ya maji ni kidole, zamisha kidole mpaka kiungo cha pili, udongo ukiwa mkavu ndo unamwagia, unamwagia mpaka yatoke chini, unamwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ukimwagia kijiko kijiko kila siku juu juu unaliua polepole.

mkulima_kisii:
Wacha niulize tu, spaida planti si ni ile chinsaga? Sisi tunapanda shambani na tunakula, sijawahi kusikia mtu ameiweka kwa nyumba.

shangazi_maua:
Hapana ndugu yangu, ni majina yamegongana tu. Hiyo yenu ni mgagani, ile mboga chungu yenye vijani vitano vimeshikana kama kiganja, inapikwa na maziwa, tamu kwelikweli ikipikwa na anayejua. Hili la mwenzetu ni la majani marefu membamba, linatoa mikono inaning'inia na vitoto mwishoni, haliliwi.

mkulima_kisii:
Sawa nimeelewa, asante. Ata mimi naijua hiyo, iko kwa ofisi ya chifu.

fundi_kitalu:
Mama Nuru, kabla hujapulizia wala kuhamisha chochote, jibu swali moja. Maji unayomwagia yanatoka wapi?

Mama_Nuru:
Kisima. Mwenye nyumba amechimba kisima kirefu hapa ndani ya kiwanja, yanapanda kwenye simtanki ndo yanashuka ndani. Maji safi kabisa, hayana harufu wala chumvi, tunakunywa hayohayo tukichemsha.

fundi_kitalu:
Nilijua. Nisikilize kwa makini maana hapa kuna mambo mawili, na la maua ndo dogo.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, hapo hapo karibu na ulipo, sasa hivi nina kitalu kidogo upande wa Tengeru. Huu mlima Meru ni volkano, miamba yake ina floraidi nyingi, ni aina ya madini, na maji yakipita humo yanaibeba. Siyo kila chanzo kiko sawa, kuna chemchemi nzuri kabisa na nyingine mita mia chache tu pembeni ni mbaya, na visima virefu ndo mara nyingi vinaongoza. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwenye miteremko hii kuna vyanzo vinavyopita 10. Na huioni, huionji, haina harufu, maji yanang'aa kama hayo yako.

Sasa spaida planti ni katika mimea inayoumizwa haraka na floraidi. Linavuta maji mizizini, maji yanapanda mpaka kwenye jani yanatoka kama mvuke, floraidi haitoki, inasukumwa mbele mpaka nchani na hapo ndo inajilundika wiki baada ya wiki mpaka inaua nyama ya jani. Ndo maana umeungua ncha, siyo katikati. Ndo maana ilichukua miezi miwili ndo uone. Hewa kavu nayo inachangia, aliyesema hapo juu hajakosea, kwa sababu jani likikausha maji haraka linavuta mengine haraka na kila tone limebeba mzigo wake. Lakini ukipulizia majani kwa maji hayohayo ya kisima unaongeza tatizo.

Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote kwenye sufuria. Na wapo watakaokuambia acha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha, hiyo inatoa klorini ya maji ya bomba, floraidi haiendi popote hata ukiyaacha mwezi. Chujio la kawaida la mshumaa wa udongo nalo haliitoi.

Na ile mbolea, kama ni punje za kijivu huenda ni mbolea ya fosfeti, nyingi za aina hiyo zinatengenezwa kwa mawe ya fosfeti ambayo yenyewe yana floraidi ndani. Kijana hakukusudia ubaya, ndo anayouzia wakulima wa mahindi, lakini kwa ua hili umeliongezea.

Cha kufanya: toa udongo wote wa zamani, suuza mizizi, panda upya kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Changanya kijiko kimoja cha chai cha chokaa ya kilimo kwa kila chungu cha kiasi, udongo usiwe mchachu, ukiwa mchachu mizizi inanyonya floraidi kwa urahisi zaidi. Halafu kuanzia leo maji ya mvua tu. Hayana floraidi. Usiogope kwamba ni mengi, piga hesabu, maua manne kila moja nusu lita kwa wiki ni lita mbili, ndoo moja ya lita ishirini inakutosha wiki kumi. Kinga mvua ya bati, lakini ile ya dakika za kwanza iache ipite ioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Ncha zilizoungua hazirudi kijani, usisubiri. Kata kwa mkasi kwa mshazari kufuata umbo la jani, acha kauzi kembamba ka kahawia usiguse nyama hai, ukikata kwenye kijani inaungua upya hapo ulipokata. Unachoangalia ni majani mapya yanayotoka katikati. Hayo yakitoka safi, umeshinda.

Hilo la maua limeisha. La pili: una mtoto, jina lako linasema. Ana umri gani?

Mama_Nuru:
Ana miaka mitatu na miezi minne. Umenitisha.

fundi_kitalu:
Siyo nia yangu kukutisha, ila nisiposema nitakuwa sijakutendea haki. Meno yangu mimi ni ya kahawia, yana mabaka, mawili ya mbele yamemomonyoka. Wadogo zangu hivyohivyo. Tumekunywa maji ya mto na ya kisima tangu tunyonyeshwe tuache. Nilipokwenda kusoma Dar wenzangu walikuwa wanadhani sipigi mswaki, nimejifunza kucheka na mkono mdomoni na mpaka leo na umri huu mkono unapanda wenyewe. Siyo uchafu, ni floraidi inayoingia wakati jino linatengenezwa ndani ya ufizi, na meno ya ukubwani yanatengenezwa tangu utotoni mpaka kwenye miaka minane hivi. Yakishatoka hayabadiliki. Viwango vikiwa vikubwa sana na mtu akinywa miaka mingi inafika mpaka kwenye mifupa. Wewe na mumeo mliokulia kwingine meno yenu yameshapita, lakini Nuru yuko katikati ya hiyo miaka.

Ua siyo kipimo, nisieleweke vibaya. Ncha zinaweza kuungua kwa chumvi, kwa mbolea, kwa kuoza mizizi, na hili ua linaungua hata kwa maji ambayo binadamu anaruhusiwa kunywa. Kwa hiyo usihukumu kisima kwa jani. Chukua chupa safi ya plastiki, siyo ya kioo, jaza maji ya bomba lako peleka maabara ya maji ya serikali pale mjini wapime floraidi. Ikiwa juu, kituo cha Ngurdoto kinachoshughulika na kuondoa floraidi kiko karibu sana na wewe, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia, watakueleza. Mkaa wa kupikia haufanyi hiyo kazi, ni wa mifupa. Na hata huo unachoka, unapaswa kubadilishwa.

jirani_nakuru:
Mimi niko Nakuru na hiyo maneno ya fundi ni ukweli mtupu, sisi tuko kwa bonde la ufa na maji ya borehoni hapa pia iko na floraidi, watu wa hapa wanajulikana na meno. Kwangu ilianza na hiyo hiyo maua, nilikuwa nimeipanga kwa ngazi mpaka juu, ikaungua yote nikadhani ni jua ya roshani. Mama mmoja wa kanisa akaniambia nijaribu na maji ya mvua. Nilijaribu na mbili, zingine tatu nikaacha na maji ya kawaida nione. Baada ya miezi tatu ukiingia kwa nyumba ungejua ni gani na gani bila kuambiwa. Tangu hiyo siku mtungi wa mvua iko nyuma ya jikoni na watoto wakijua hakuna kuosha viatu na hiyo.

kijana_wa_tabata:
Kumbe. Mimi nilidhani ni hewa tu. Nimejifunza, asante fundi.

Swali dogo pembeni, nimesikia hili ua linasafisha hewa ya ndani, NASA walithibitisha. Kuna ukweli? Nataka kumwekea bibi chumbani.

shangazi_maua:
Walipima kweli, ile ripoti ya mwaka 1989, lakini walipima ndani ya kiboksi kilichofungwa kisichopitisha hewa. Nyumba ya kwetu yenye madirisha na nyavu siyo kiboksi. Mwaka 2019 kuna watafiti walirudia mahesabu wakaona ungehitaji angalau mimea kumi kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ndo ifikie kazi ya hewa inayopita yenyewe dirishani, na pengine mingi kuliko hiyo. Mfungulie bibi dirisha. Ila ua muwekee pia, atalipenda, na halina sumu, hata paka akilitafuna halimdhuru, atatapika kidogo tu.

Na niwaambie kitu kinachonifurahisha, watu wanalinunua hili mjini kama kitu cha Ulaya, kumbe asili yake ni Afrika hii hii. Lile la mwituni ni kijani tupu halina mstari, linaota chini ya miti mahali pasipo na jua kali. Ndo maana ndani ya nyumba linastawi, limezoea mwanga uliochujwa. Ukiliweka juani saa saba linababuka, ukiliweka gizani linanyong'onyea na mistari inafifia.

binti_marangu:
Fundi samahani naomba kudandia. Mimi nina masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani kwetu Uchagani, nimeyaweka ndani kwenye chungu kikubwa sebuleni hapa Arusha mjini, nayo ncha zinakauka na pembeni pia. Nyumbani Marangu yako mpakani mwa shamba miaka yote hakuna mtu anayeyamwagilia na hayana hata doa. Nilikuwa nimesononeka kweli maana masale kwetu siyo ua la kupamba tu.

fundi_kitalu:
Masale nayo ni walewale, yanaumia na floraidi kama spaida planti, pengine zaidi. Ya mpakani yananyeshewa mvua, yanakunywa mvua maisha yote. Ya ndani unayanywesha bomba. Fanya kama nilivyomwambia Mama Nuru, maji ya mvua, chokaa kidogo, acha mbolea ya fosfeti. Majani mapya ndo yatakuambia.

Mama_Nuru:
Nimesoma yote mara tatu. Mizizi nimeangalia, vyungu vitatu ni myeupe kama alivyosema shangazi, cha nne nimekata karibu nusu. Mvua imenyesha jana usiku nikatoka na masufuria yote ya ndani, baba Nuru akadhani nimechanganyikiwa. Kesho napeleka chupa ya maji mjini. Nawaambia.

Na swali, mimi napika makande kila wiki na naweka magadi yaive haraka kama nilivyofundishwa na majirani wa huku. Hayo hayana shida?

fundi_kitalu:
Umeuliza jambo la maana sana na wengi hawaulizi. Magadi nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, inategemea yametoka wapi, na watafiti wa meno hapa nchini wameshayataja kuwa yanaongeza mabaka kwa watoto hata sehemu ambazo maji siyo mabaya sana. Loweka mahindi na maharage usiku kucha uyapike bila magadi. Yatachelewa, mkaa utakwenda, lakini kwa chakula cha Nuru naomba uache. Na chai kavu kavu ile nzito usimpe kila siku, majani ya chai nayo yana floraidi yake.

Mama_Nuru (wiki tatu baadaye):
Majibu yametoka. Kisima chetu ni miligramu 5.8 kwa lita. Nilikaa kwenye ngazi za pale nje nikashindwa kusimama kwanza. Miezi saba mtoto amekunywa, na mimi nilikuwa nachemsha nikijiona mama makini.

Nimeongea na mwenye nyumba, mzee wa watu hakuwa anajua, amechimba kwa hela zake akiamini anatusaidia wapangaji, sasa tumekubaliana anaweka mifereji kwenye bati lote na tenki la pili la mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, kisima kibaki cha kufulia na kuogea. Wakati tunasubiri tunachota kwenye chemchemi moja upande wa juu ambayo walinipimia pia na iko chini ya 1. Madumu manne kila siku mbili, baba Nuru anapita nayo akitoka kazini. Ngurdoto tutakwenda kuuliza habari za chujio kwa ajili ya kiangazi tenki likiisha. Wapangaji wenzangu wawili wana watoto wadogo, nimewaonyesha karatasi ya majibu, mmoja ana wa miezi tisa anayemkorogea uji kwa maji hayohayo.

jirani_nakuru:
Pole sana mama. Usijilaumu, hakuna mtu angeona hiyo kwa macho. Miezi saba sio miaka saba, na umejua mapema.

shangazi_maua:
Mungu akutunzie Nuru. Wala usilie tena, umeshafanya.

Mama_Nuru (miezi miwili baadaye):
Jamani nimerudi. Majani mapya yametoka safi, yote manne, marefu, ncha kijani mpaka mwisho. Lile lililokatwa mizizi nusu ndo lilichelewa ila nalo limeinuka. Ya zamani nimeyapunguza kwa mkasi kidogo kidogo kama fundi alivyosema, mengine nimeyang'oa kabisa.

Na chungu cha dirishani jikoni kimetoa mkono, mrefu, una vimaua vitatu vyeupe vya nyota. Fundi, kitoto cha kwanza kikitoka ni chako, nakileta mwenyewe Tengeru. Niambie tu, nikikate nikiweke kwenye maji kwanza au nikipande moja kwa moja?

fundi_kitalu:
Usikikate mapema. Acha kitoke vimizizi vidogo vyeupe chini, halafu sogeza kopo la udongo pembeni ya mama yake ukilaze juu bila kukikata, kibane na kijiwe, kikishika ndo unakata mkono, wiki tatu hivi. Ukitaka kwa maji pia kinakubali, ila ya mvua.

Njoo na Nuru.